Kupanda Ngazi katika Usimamizi wa Vihatarishi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza maana ya kihatarishi, yaani jambo lisilo na uhakika ambalo likitokea laweza kuizuia taasisi kufikia malengo yake, na ikabainisha aina nne zinazoshughulikiwa zaidi na mabenki: kihatarishi cha mikopo, kinachotokana na wakopaji kushindwa kulipa, cha soko, kinacholetwa na mabadiliko ya bei, riba na thamani ya fedha za kigeni, cha ukwasi, ambapo benki hukosa fedha za kuwalipa wateja wanapozihitaji, na cha uendeshaji, kinachozaliwa na makosa ya watu, mifumo na taratibu. Sehemu hii inawageukia wanaoifanya kazi hiyo, na inachunguza jinsi mtaalamu anavyoweza kutoka katika daraja la ofisa anayejaza rejista ya vihatarishi hadi kuwa mkuu wa idara anayeketi na bodi ya wakurugenzi.

Taaluma hii bado ni changa. James Lam, ambaye aghalabu hutajwa kuwa mtu wa kwanza kupewa cheo cha ofisa mkuu wa vihatarishi, alikipata mwaka 1993 katika kampuni ya GE Capital ya Marekani. Katika Afrika Mashariki msukumo mkubwa umetoka kwa wasimamizi wa sekta: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa miongozo ya usimamizi wa vihatarishi mwaka 2010, Benki Kuu ya Kenya ikatoa yake mwaka 2013, na Hazina ya Tanzania nayo mwaka 2012 ilizipa taasisi za umma mwongozo wa kuunda mfumo wa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo nafasi za ajira haziko katika mabenki peke yake, bali zimeenea katika bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, mashirika ya umma na kampuni za simu zinazohamisha fedha.

Anayetaka kupanda hana budi kwanza kuelewa mahali anaposimama. Taasisi nyingi hugawa majukumu kwa utaratibu unaoitwa mistari mitatu, ambao Taasisi ya Kimataifa ya Wakaguzi wa Ndani iliupitia upya mwaka 2020. Mstari wa kwanza ni wa wafanyakazi wanaobeba kihatarishi chenyewe, kama ofisa mikopo anayeidhinisha mkopo. Wa pili ni wa idara ya vihatarishi, inayoweka vipimo, kufuatilia na kuhoji. Na wa tatu ni wa ukaguzi wa ndani, unaothibitisha kwa uhuru kwamba mistari miwili ya kwanza inafanya kazi yake. Wengi huajiriwa moja kwa moja katika mstari wa pili wakitokea chuoni, wakafahamu fomu kabla ya kuifahamu biashara. Hali hiyo huwadumaza, kwa kuwa aliyewahi kuhesabu mali dukani kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeomba mkopo, na akajifunza kutofautisha bidhaa zinazouzika na zilizokaa rafuni mwaka mzima, huuliza maswali ambayo mwenzake aliyezoea makaratasi hawezi kuyafikiria. Miaka miwili au mitatu katika mikopo, hazina ya benki au uendeshaji wa tawi humlipa mtaalamu katika daraja zote zinazofuata.

Baada ya kuijua biashara hufuata uwezo wa kupima. Tarehe 1 Januari 2018 kilianza kutumika kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kijulikanacho kama IFRS 9, ambacho kiliitaka benki itenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa tangu siku mkopo unapotolewa, badala ya kusubiri dalili za mkopaji kushindwa. Chini ya kiwango hicho mkopo hupangwa katika hatua tatu: katika hatua ya kwanza hukadiriwa hasara inayoweza kutokana na kushindwa kulipa ndani ya miezi 12 ijayo, katika ya pili, iwapo hali ya mkopaji imedorora kwa kiasi kikubwa, hukadiriwa hasara ya muda wote uliobaki wa mkopo, na katika ya tatu huwekwa mkopo ulioharibika, ambao kwa lugha ya mabenki mara nyingi huitwa mkopo chechefu. Makadirio hayo yanadai takwimu safi za miaka mingi, ujuzi wa hesabu za uwezekano, na busara ya kutambua pale ambapo takwimu za jana haziwezi kuieleza kesho. Mtaalamu anayeweza kuujenga mfano wa makadirio, kisha akaeleza kwa maneno mepesi udhaifu wake, hukosekana sokoni.

Vyeti vya kitaaluma vina nafasi yake. Cheti cha FRM, kinachotolewa na chama cha GARP, huwafaa wa upande wa fedha, kina mitihani ya sehemu mbili na hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili. CRISC cha ISACA huwafaa wanaoshughulikia mifumo ya teknolojia. Na vyeti vya Taasisi ya Usimamizi wa Vihatarishi ya London huwafaa wanaotazama taasisi nzima. Hata hivyo cheti hufungua mlango wa usaili tu, na kinachompandisha mtu baada ya hapo ni uwezo wa kuifanya habari mbaya ifanyiwe kazi.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika anguko la Barings, benki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1762. Katika tawi lake la Singapore, Nick Leeson alisimamia biashara ya mikataba ya bei za baadaye na wakati huohuo akasimamia ofisi inayohakiki na kulipia biashara hiyo, hali iliyomwezesha kuficha hasara katika akaunti namba 88888. Mwaka 1994 wakaguzi wa ndani waliona hatari ya mtu mmoja kushika mamlaka yote mawili, wakashauri yatenganishwe, lakini ushauri huo haukutekelezwa. Mwezi Februari 1995 benki ilianguka kwa hasara ya takriban pauni milioni 827, ikauzwa kwa kampuni ya ING ya Uholanzi kwa pauni moja. Hatari ilikuwa imeonekana na kuandikwa. Kilichokosekana ni nguvu ya kuifuatilia. Kwa hiyo ripoti ya mtaalamu aliyekomaa hutaja hasara inayoweza kutokea kwa kiasi cha fedha, jina la cheo kinachowajibika, tarehe ya mwisho ya utekelezaji, na ngazi ambayo suala litapelekwa tarehe hiyo ikipita.

Nguvu hiyo nayo hutegemea uhuru. Paul Moore, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha vihatarishi vya usimamizi wa sheria katika benki ya HBOS ya Uingereza, aliieleza kamati ya bunge mwaka 2009 kwamba alikuwa ameonya kuhusu kasi ya mauzo na akaondolewa kazini, madai ambayo benki iliyakanusha. Lisilobishaniwa ni kwamba mwaka 2008 benki hiyo ilihitaji kuokolewa. Ndiyo maana anayepewa uongozi wa idara anapaswa, kabla ya kuulizia mshahara, kuuliza kama ataifikia kamati ya vihatarishi ya bodi bila kupitia kwa mtendaji mkuu, na nani mwenye mamlaka ya kumwondoa. Panapokosekana majibu ya kuridhisha, cheo kinabaki kuwa pambo.

Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji. Katika taasisi za aina hiyo, ambako wafanyakazi ni wachache na kosa moja la mikopo huuma haraka, kijana aliyeanza taaluma hii anaweza kujifunza ndani ya miaka michache mambo ambayo mwenzake wa benki kubwa huyasoma katika ripoti. Vijana wasizikimbie nafasi hizo, na bodi zinazowaajiri ziwape wataalamu wao fursa ya kusikilizwa kabla ya hasara kuingia vitabuni.