Kwa nini makala ya kampuni hufutwa Wikipedia?

Mwenye malori wa Mbarara anayechukua mahindi Nakivale anaweza kuiandikia kampuni yake makala Wikipedia leo, kesho asiikute. Waliofuta si washindani wake. Ni wahariri wa kujitolea wanaofuata kanuni.

Katika Wikipedia ya Kiingereza, tangazo tupu la biashara huondolewa papo hapo. Makala yenye utata hujadiliwa kwa kawaida siku 7. Mwishoni mkabidhi hupima hoja, hahesabu kura, hivyo kuwakusanya madereva na mashemeji waseme "ibaki" hakusaidii kitu.

Swali kubwa ni moja: je, watu wasiohusika na kampuni wameiandika kwa kirefu, katika magazeti au vitabu vinavyoaminika? Leseni na tovuti yako havitoshi. Makazi ya Nakivale, yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yameandikwa sana na watafiti. Duka lililomo humo, hata likijaa wateja, huenda halijaandikwa na mtu. Hapo kanuni inawaumiza wa pembezoni. Hata Makmende, shujaa wa video ya Wakenya Just A Band, alifutwa mwaka 2010 kabla ya kukubaliwa.

Aliyefutiwa anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, bila malipo. Jihadhari na anayedai pesa ili "airudishe". Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za mtandao uliowatoza wafanyabiashara fedha kwa ahadi ya kuchapisha na kulinda makala zao.