Chambo cha chui: kwa nini tawi ni muhimu kuliko nyama

Chui wapo Kilimanjaro, lakini unaweza kutembea msituni miezi na usimwone hata mmoja. Hutembea usiku na hujificha vizuri. Ndiyo maana anayemtaka hamfuati, anamwekea chambo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kuwinda ni marufuku, ila kwenye mapori ya akiba ya Tanzania, wawindaji wenye leseni hutumia sana njia hii.

Inafanyaje kazi? Chui akiua, mara nyingi hupandisha windo mtini ili fisi wasimnyang'anye, kisha hurudi kula siku kadhaa. Chambo kinaiga hali hiyo. Unachagua mti wenye tawi nene lililolala, karibu na njia anazopita, mfano kando ya korongo. Unaburuta matumbo ya mnyama kuelekea mtini ili harufu imwongoze. Nyama unaifunga kwa mnyororo, juu fisi asikofika, na kuifunika majani ili tai wasiione.

Halafu kuna matunzo. Kagua mchana, maana asubuhi na jioni utamkuta mwenyewe! Angalia nyayo, alama za kucha kwenye gome, na nyama iliyoliwa. Ikikaribia kwisha, ongeza palepale.

Sasa ugumu uko hapa. Sheria inaruhusu kuwinda dume tu. Wanasayansi walipopima DNA ya nyara 77 za chui waliowindwa Tanzania kati ya 1995 na 1998, asilimia 28.6, yaani 22, zilikuwa za majike. Dume mkubwa hufika kilo 60 hivi na jike kilo 40 hivi, lakini dume kijana hulingana na jike, na mwanga wa jioni hauna huruma. Jike akifa, watoto wake wadogo nao hufa njaa.

Kwa hiyo tawi ndilo linaloamua. Nyama ikining'inia chini kidogo ya tawi, chui hulazimika kujinyoosha, na hapo korodani huonekana, kama zipo. Ukiweka na kamera inayojipiga yenyewe, utazitazama picha kwa utulivu, siku kadhaa kabla mtu yeyote hajashika bunduki. Na kama picha hazionyeshi wazi, chui huyo anaachwa.