Kitenzi MISEO katika Kiyunani cha Agano Jipya: Umbo na Maana

Kitenzi miseo hufasiriwa katika kamusi kwa neno moja, yaani -chukia. Fasiri hiyo si kosa, lakini haitoshi. Katika Luka 14:26 Yesu anasema kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Msomaji ajuaye kwamba heshima kwa wazazi imeamriwa katika Kutoka 20:12 hana budi kuuliza ni chuki ya namna gani inayodaiwa hapa.

Kwanza, umbo. Miseo ni miongoni mwa vitenzi ambavyo shina lake huishia kwa irabu e. Irabu hiyo huungana na irabu ya kiambishi kifuatacho. Kwa hiyo katika matini husomwa miso, "nachukia", na miseo hubaki kuwa umbo la kamusi. Tendo lililopita, likitazamwa kwa ujumla wake, huanza kwa e-: emisesa, "nilichukia". Tendo lililotimia na ambalo athari yake ingalipo hurudia konsonanti ya kwanza ya shina: memiseka, "nimechukia". Kufanana kwa me- hiyo na -me- ya Kiswahili ni sadfa tu. Umbo la aina ya kwanza limo katika Warumi 9:13, juu ya Esau. La aina ya pili limo katika Yohana 15:18, juu ya ulimwengu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 imetumia -me- mahali pote pawili, hivyo tofauti hiyo haionekani.

Ama maana, chimbuko lake ni matumizi ya Kiebrania. Mwanzo 29:30 yasema kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Kiebrania cha mstari unaofuata chamwita Lea "aliyechukiwa", na Septuajinta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, imetumia miseo. Kumbukumbu la Torati 21:15-17 nayo yataja mke apendwaye na mke achukiwaye, ili kulinda haki ya mzaliwa wa kwanza wa huyo wa pili. Katika jozi za namna hii, kuchukiwa ni kuwekwa nyuma ya mwingine. Ndivyo inavyothibitishwa na Mathayo 10:37, ambapo fundisho lilo hilo linahusu kumpenda mzazi kuliko Yesu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba miseo hulegezwa kila mahali. Katika 1 Yohana 3:15 amchukiaye ndugu yake huitwa mwuaji. Hapo hapana ulinganisho wowote; chuki ni chuki.

Kiswahili kina ugumu wake pia. Tusemapo "Mzee amechukia", bila yambwa, twamaanisha kwamba amekasirika. Miseo ya Luka haidai hasira, yadai uchaguzi. Mfasiri akiandika "-penda zaidi", maana hueleweka lakini ukali wa usemi hupotea. Akibakiza -chukia, ukali hubaki na maelezo huwa wajibu wa mwalimu. Kwa vyovyote vile, jozi ambamo kitenzi kimetumika ndiyo inayoamua maana, na kamusi peke yake haitoshi.