Je, Wajua? Pensheni na ndoa ya kimila

Mwalimu wa Dongobesh akistaafu, pensheni ni yake peke yake. Tanzania haina fungu la mke au mume wakati mstaafu yu hai. Mwenzi hulipwa kama mtegemezi baada ya kifo, kupitia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioiunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF mwaka 2018.

Hapo karatasi huuma: cheti cha kifo, cheti cha ndoa. Mliooana kimila mbele ya wazee, mnacho? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa yenu hata isipoandikishwa, lakini mzigo wa kuithibitisha humwangukia mjane, tena akiwa matangani. Nendeni mkaiandikishe sasa, mkiwa wawili.