Nepi za Kitambaa Katika Nyumba Isiyo na Ua

Wazazi wengi waliotoka pwani ya Afrika Mashariki na kuhamia Uingereza wamelelewa katika nepi za kitambaa. Lilikuwa winda lililokatwa kutoka kanga kuukuu, au kipande cha melimeli kilichokunjwa pembe tatu na kufungwa kwa pini. Bibi alikifua asubuhi, akakianika uani, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kikavu. Mtoto anapozaliwa London, Leicester au Glasgow, familia hiyo hiyo huanza na pampasi kwa sababu zimepangwa katika kila duka. Baada ya miezi michache gharama yake huonekana katika bajeti ya nyumba, na pipa la taka hujaa kabla ya siku ya kuzolewa. Hapo ndipo kitambaa hukumbukwa.

Kitambaa kinafaa, na mtoto hadhuriki nacho kikitumiwa ipasavyo. Tofauti kubwa ni jua. Kule Tanga au Unguja jua lilikausha nepi kwa saa chache, likapausha madoa na kupunguza vijidudu, wala halikudai malipo. Katika fleti ya ghorofa ya tatu mwezi wa Januari, kazi zote hizo hazina budi kufanywa na vitu vingine: maji ya moto, sabuni ya kutosha na hewa inayopita. Mengi ya maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kuziba pengo hilo.

Kitambaa cha kuchagua

Madukani zipo nepi zilizoshonwa tayari, zenye mpira miguuni na vifungo kiunoni, na zipo za mraba za kukunja, za pamba, melimeli au kitambaa cha taulo. Zilizoshonwa ni rahisi kumvisha mtoto, lakini ni nene, na zile za nyuzi za mianzi huweza kubaki mbichi siku nzima au zaidi wakati wa baridi. Kitambaa cha mraba hukunjuliwa kikawa tabaka moja jembamba kinapoanikwa, hivyo hukauka upesi. Kwa nyumba isiyo na ua, winda la bibi lina manufaa kuliko nepi nyingi za bei ghali. Juu yake huvalishwa kifuniko kisichopitisha maji, na badala ya pini vipo vishikizo vya mpira ambavyo havimchomi mtoto.

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara 10 hadi 12 kwa siku. Mkubwa zaidi, mara 6 hadi 8. Familia inayofua kila baada ya siku mbili itahitaji nepi kama 20 hadi 24 mwanzoni, pamoja na vifuniko vichache. Si lazima kununua zote kwa mara moja. Wazazi wengine hutumia kitambaa mchana na pampasi usiku au safarini, na hakuna ubaya wowote katika mpango huo.

Nepi ifungwe ikishika kiuno bila kubana, na miguu ya mtoto iachwe ikunjike na kutanuka kama ya chura. Desturi ya kumnyoosha mtoto miguu na kumfunga kwa nguo ikamkaza haifai, kwa kuwa inaweza kuathiri ukuaji wa viungo vya nyonga. Kumbeba mtoto kwa mbeleko, mapaja yakiwa yametanuka, hakuna tatizo hilo.

Kufua

Desturi ya kuloweka nepi katika ndoo ya maji iachwe kabisa. Mtoto anayetambaa au anayeanza kusimama anaweza kuinamia ndoo na kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, tena bila kelele yoyote. Nepi chafu zihifadhiwe kavu, bila maji, katika ndoo yenye kifuniko au mfuko unaofungwa, na zisikae zaidi ya siku mbili.

Choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake huyeyuka katika maji, kwa hiyo nepi inaweza kwenda moja kwa moja kwenye mashine. Mtoto akishaanza kula, choo kitupwe chooni kwanza. Karatasi za ndani za nepi na vitambaa vya unyevu vya kupangusia vitiwe katika pipa la taka, hata kama pakiti inaeleza kuwa vinaweza kutupwa chooni, kwani huziba mabomba. Familia zinazoswali hupenda kusuuza nepi kwa maji yanayotiririka ili kuondoa najisi kabla ya kuitia mashineni pamoja na nguo nyingine. Hilo ni jema kiafya pia, mradi mikono ioshwe kwa sabuni baadaye.

Mashine ianze kwa kusuuza kwa maji baridi, kisha ifue kwa nyuzi 60. Kwa mtoto mwenye umri chini ya miezi mitatu, au mtu yeyote nyumbani akiwa anaharisha, nyuzi 60 zisipunguzwe. Sabuni iwe ya kiasi kamili kilichoandikwa kwenye pakiti. Wapo wanaopunguza sabuni kwa kuihurumia ngozi ya mtoto, lakini nepi isiyotakata ndiyo inayomdhuru zaidi. Kinachosaidia ngozi ni kusuuza mara moja ya ziada mwishoni. Hakuna ushahidi kwamba sabuni yenye vimeng'enya huwasha ngozi ya mtoto. Kilainisha nguo kisitumike, kwa sababu huacha utando unaoizuia nepi kunyonya mkojo. Jiki na dawa kali za kuulia vijidudu hazihitajiki, na mabaki yake huiwasha ngozi.

London na kusini mashariki mwa Uingereza maji yana chokaa nyingi, nepi hukauka zikawa ngumu kama ubao, na sabuni huhitajika zaidi. Glasgow maji ni laini na shida hiyo haipo. Nepi iliyokakamaa ikung'utwe na kusuguliwa kati ya mikono kabla ya kuvalishwa.

Kukausha, na ukungu mweusi ukutani

Hapa ndipo penye jambo zito. Nguo za mzigo mmoja wa mashine zikianikwa ndani zinaweza kutoa kama lita mbili za maji hewani. Maji hayo hutua kwenye vioo vya madirisha na kwenye kuta zenye baridi, hasa pembeni na nyuma ya makabati, na baada ya majuma machache ukungu mweusi huota. Ukungu huo ni kuvu, na chembe zake zikivutwa puani hudhuru mapafu. Watoto wachanga na wenye pumu ndio huathirika kwanza. Nepi za mtoto mmoja, zinazofuliwa kila baada ya siku mbili, ni nyongeza kubwa katika nyumba ambayo tayari haina hewa ya kutosha.

Kwa hiyo nepi zianikwe katika chumba kimoja tu, mlango ukiwa umefungwa na dirisha likiwa wazi kidogo, au bafuni feni ya kutoa hewa ikiwa inafanya kazi. Kisiwe chumba anacholala mtoto. Mashine ikamue kwa kasi ya juu kabla ya kuanika, na vitambaa visibebane kwenye kamba. Kuzitandaza nepi juu ya hita huonekana kuwa njia ya mkato, lakini huzuia joto lisienee chumbani na kupeleka unyevu wote ukutani. Mashine ya kukaushia ni msaada kwa aliye nayo, ingawa hula umeme mwingi, jambo ambalo mwenye mita ya kulipia kabla hahitaji kuelezwa. Joto lake pia huharibu mipira na vifuniko, kwa hiyo hivyo vianikwe kando. Siku ya jua ikitokea, hata ya baridi, kamba ya nje au kibaraza ni bora kuliko vyote.

Ikumbukwe kwamba si kila ukungu unatokana na nguo zilizoanikwa. Paa linalovuja, bomba lililopasuka na ukuta unaopitisha maji ni wajibu wa mwenye nyumba, na familia isikubali kuambiwa kwamba kosa lote ni la kufua na kupika kwao. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, wa familia iliyotoka Sudan, alifariki Rochdale baada ya kuishi katika fleti yenye ukungu ambao wazazi wake walikuwa wameulalamikia. Kifo hicho ndicho kilichozaa Sheria ya Awaab. Tangu Oktoba 2025 sheria hiyo inawalazimisha wamiliki wa nyumba za kijamii nchini England, yaani halmashauri na mashirika ya nyumba, kuchunguza na kushughulikia unyevu na ukungu wa hatari ndani ya muda uliowekwa. Malalamiko yaandikwe, yawe na tarehe na picha, na nakala ibaki nyumbani.

Ngozi ya mtoto

Kitambaa huloa upesi kuliko pampasi, basi kibadilishwe upesi. Mkojo na choo vikikaa juu ya ngozi huilainisha kupita kiasi na kuichubua, na huo ndio upele wa nepi. Tiba yake kubwa ni kubadilisha mara kwa mara, kusafisha kwa maji ya uvuguvugu na pamba, kukausha kwa kugusa bila kusugua, na kumwacha mtoto bila nepi kwa muda juu ya taulo kila siku. Mafuta ya kukinga ngozi yapakwe kidogo sana. Yakizidi huingia katika kitambaa na kukifanya kikatae maji.

Poda isitumiwe. Ni desturi iliyopendwa na yenye harufu nzuri, lakini vumbi lake huingia katika mapafu ya mtoto. Upele mwekundu mkali unaoingia hadi katika mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vipele vidogo huenda ni fangasi. Huo unahitaji dawa, na mfamasia anaweza kuutazama bila miadi.

Kanga zilizotoka sandukuni

Familia nyingi hupokea kanga na nguo za mtoto kutoka nyumbani, zilizohifadhiwa pamoja na nafthalini, yale madonge meupe yenye harufu kali ya kufukuzia wadudu. Nguo hizo zisimguse mtoto mchanga. Baadhi ya watu wana upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Hali hiyo hurithiwa, nayo ni ya kawaida katika jamii za Afrika, Uarabuni na kwingineko ambako malaria imekaa kwa karne nyingi. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta harufu ya nafthalini, au ikipenya kwenye ngozi yake, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi na kumletea manjano kali, ambayo ikiachwa huharibu ubongo. Hina nayo inaweza kuleta madhara hayo hayo, kwa hiyo asipakwe. Wazazi wengi hawajui kama upungufu huu umo katika ukoo wao, na mtoto anaweza kuuonyesha kwa mara ya kwanza kwa njia hii. Kuhifadhi nguo kwa karafuu au katika mfuko uliofungwa vizuri ni salama zaidi.

Katika ngozi nyeusi manjano huonekana kwa urahisi zaidi katika weupe wa macho na katika fizi. Mtoto mwenye dalili hiyo aonwe na mkunga au daktari siku hiyo hiyo. Ikijitokeza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, au mtoto akiwa mlegevu na hanyonyi, hiyo ni dharura.

Kusoma nepi

Kitambaa kina faida moja ambayo haizungumzwi sana: huonyesha kila kitu. Pampasi hunyonya mkojo hadi mzazi hajui kama mtoto amekojoa kidogo au sana. Katika siku mbili za mwanzo nepi mbili au tatu zenye mkojo zinatosha. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha angalau nepi 6 nzito kwa saa 24. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata, kisha huwa cha kijani, na baadaye cha manjano. Choo cheupe au cha rangi ya krimu, au mkojo wa manjano iliyokolea kwa mtoto mchanga, huweza kuwa dalili ya maradhi ya ini na hakisubiri miadi ijayo. Mzazi aichukue nepi yenyewe aende nayo kwa daktari.

Mtoto hupewa chanjo ya matone dhidi ya virusi vya rota akiwa na wiki 8 na wiki 12, na kwa muda baada ya hapo virusi vilivyodhoofishwa hutoka katika choo chake. Kila anayembadilisha nepi, bibi aliyekuja kusaidia siku arobaini akiwa mmoja wao, aoshe mikono kwa sabuni, hasa ikiwa nyumbani yumo mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili.

Baadhi ya halmashauri hutoa vocha za kununulia nepi za kitambaa, na katika miji kadhaa zipo maktaba za nepi zinazoazima aina mbalimbali ili familia ijaribu kabla ya kununua. Mkunga au muuguzi anayetembelea nyumba ataeleza zilipo. Kwa ushauri wa afya usiku au mwishoni mwa juma, simu ya NHS ni 111, haitozwi, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa kwa kutaja jina la lugha hiyo kwa Kiingereza. Kwa dharura, ni 999.