Kinyonga wa Magombera na Wanaowaongoza Wageni

Mtafiti Andrew Marshall alikuwa katika msitu wa Magombera, Bonde la Kilombero, kwa utafiti wa kima, alipomshtua nyoka mwembamba aliyekuwa akimeza windo. Nyoka alilitapika, akaenda zake. Kilichobaki chini kilikuwa kinyonga ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Mwaka 2009 Marshall na wenzake, akiwamo Michele Menegon, walimtangaza kuwa spishi mpya, Kinyongia magomberae.

Barabara ya Kidatu hadi Ifakara inapita karibu na msitu huo, na inapita pia Mang'ula, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mgeni apandaye kwenda maporomoko ya Sanje anaelezwa kwa ufasaha habari za kima aitwaye ngolaga, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979. Bondeni ataambiwa habari za swala aitwaye sheshe. Kwa wanyama hao waongozaji wetu wengi ni hodari. Ila kinyonga akikatiza njia, ufasaha unakwisha. Katika vivutio vingi vya nchi hii nimesikia wageni wakiambiwa kwamba kinyonga ana sumu, au kwamba akikugusa utapata mkosi. Kinyonga hana sumu yoyote. Anabadili rangi ili kuwasiliana na wenzake na kudhibiti joto la mwili, na kila jicho lake huzunguka peke yake likitafuta mdudu. Hiyo ingetosha kumsimamisha mgeni dakika ishirini.

Mtoni ni vivyo hivyo. Watu wanaamini mamba jike hula watoto wake, kwa kuwa wamemwona akiwa nao kinywani. Ukweli unapendeza zaidi. Watoto wakikaribia kuanguliwa hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama akisikia hufukua mchanga, huwachukua kwa meno yaleyale yanayovunja mifupa ya nyumbu, na kuwapeleka majini bila kuwajeruhi. Kuwa dume au jike huamuliwa na joto la kiota. Adui mkubwa wa mayai hayo ni kenge, ambaye mwongozaji humpita bila hata kumtaja. Wavuvi wa Kindamba wanayajua mengi ya Mto Kilombero kuliko vitabu vyetu, na sioni kwa nini wasialikwe kuwafundisha waongozaji.

Hadi hapo hasara ni ya maarifa tu. Kwa nyoka, hasara ni ya maisha. Yule aliyemtapika kinyonga wa Magombera ni nyoka wa mitini anayefanana na kijiti kikavu: mwili wa rangi ya gome, mboni ya jicho iliyolala kama tundu la ufunguo. Ametulia, hakimbilii mtu, na meno yake ya sumu yako nyuma ya kinywa. Kwa hiyo mtu akimwona anasema hana madhara. Robert Mertens, bingwa wa reptilia wa Frankfurt, alikufa mwaka 1975 baada ya kuumwa na nyoka wa jamii hiyo aliyekuwa akimfuga. Sumu yake huizuia damu kuganda, na haina dawa mahususi ya kuipinga. Mwaka 1957 Karl Schmidt, bingwa mwingine wa reptilia wa Chicago, aliumwa na bumslangi, binamu wa nyoka huyo, akalichukulia kuwa jambo jepesi; kesho yake alifariki. Ikiwa mabingwa walikosea hivyo, kijana aliyefundishwa tembo na simba tu tunamtarajia nini?

Upande mwingine, kila nyoka wa kijani huitwa koboko na kupigwa. Wengi wa hao ni nyoka wala vyura wasio na sumu yenye madhara kwa binadamu, wenye macho makubwa na mwili mwembamba, wanaozunguka kwenye majaruba ya mpunga. Nyoka walao panya ndio walinzi wa maghala ya wakulima wa Ifakara, nao wanauawa vilevile.

Mimi silaumu vijana hawa. Soko limewafundisha kwamba mgeni huja kwa wanyama wakubwa, na waajiri wamelifuata soko. Lakini kila kivutio kinaweza kuandaa picha za reptilia wanaoonekana pale pale, kikawafundisha wafanyakazi kutazama jicho, kichwa na umbo la mwili, na kikawapa ruhusa ya kusema mbele ya mgeni: "Huyu simjui, tusimsogelee." Huko Watamu, Kenya, kituo cha nyoka cha Bio-Ken kimekuwa kikitoa elimu ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Jambo moja halifai kusubiri mafunzo. Mfanyakazi yeyote ajue kwamba aliyeumwa hafungwi kamba, hachanjwi wembe, wala habandikwi jiwe jeusi. Anavuliwa pete na viatu, kiungo kinatulizwa kisitikisike, anabebwa haraka. Na meneja awe ameshapiga simu, kabla masika hayajaanza, kuuliza ni hospitali ipi iliyo na dawa ya sumu ya nyoka na gari lipi litampeleka mgonjwa usiku.