Filamu za Mwendo wa Pole katika Somo la Kiswahili

Wahenga walisema kawia ufike. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, lakini siku ya kuchagua filamu ya kuwaonyesha wanafunzi wetu tunaisahau. Tunachukua ile yenye makelele mengi, ugomvi mwingi na vichekesho vya haraka, kwa kuogopa kwamba darasa litasinzia. Katika makala hii tutajaribu kueleza kwa nini filamu za drama zinazojengeka polepole zinamfaa zaidi mwanafunzi wa Kiswahili hapa Burundi. Aidha, tutapendekeza chache ambazo mwalimu anaweza kuanza nazo.

Kujengeka polepole ni nini?

Filamu ya mwendo wa pole si filamu isiyo na matukio. Tofauti iko katika mahali ambapo mgogoro umewekwa. Katika filamu nyingi za haraka mgogoro uko midomoni: watu wanatukanana, wanatishana, siri inatobolewa kwa maneno, na mtazamaji haachiwi kitu cha kufikiri. Katika filamu iliyojengwa polepole mgogoro hufichwa ndani ya shughuli za kila siku, kisha huachwa ukue.

Tuchukue mfano ambao msomaji wa Bujumbura ataufuata bila shida. Mwaka 2007 Mmarekani Lee Isaac Chung aliongoza filamu ya Munyurangabo, ambayo ni ya Kinyarwanda, lugha iliyo ndugu na Kirundi. Mwanzoni kijana Ngabo anaiba panga sokoni Kigali. Yeye na rafiki yake Sangwa wanashika njia, wakapitia nyumbani kwa wazazi wa Sangwa. Sehemu kubwa ya filamu inabaki hapo hapo: watu wanalima, wanakarabati ukuta wa udongo, wanakula. Hakuna mbio wala mapigano. Lakini panga limo safarini, na polepole tunaelewa kwamba Ngabo anakwenda kumwua mtu aliyemwua baba yake. Kuanzia hapo hata swali la kawaida la mzazi, kama vile mnakwenda wapi, linakuwa zito. Hiyo ndiyo taharuki ya filamu za namna hii. Mtazamaji anajua, naye anangoja.

Faida kwa mwanafunzi wetu

Faida ya kwanza ni ya usikivu. Kwa wengi wa wanafunzi wetu, isipokuwa wale waliokulia Buyenzi na mitaa mingine inayozungumza Kiswahili, lugha hii imekuja baada ya Kirundi na Kifaransa. Filamu ya haraka huwapita kama basi lisilosimama kituoni. Hudaka neno hapa na pale, mengine hubahatisha kwa kutazama mikono. Katika filamu ya pole sentensi husemwa, kisha hufuata kimya. Katika kimya hicho mwanafunzi hupata nafasi ya kuielewa, na pia huona usoni mwa msikilizaji imefanya kazi gani.

Faida ya pili ni ya matumizi ya lugha. Kuna maneno ambayo kamusi haiwezi kuyamaliza: haya, sawa, basi, eti. "Haya" ya mtu mmoja ni ridhaa, ya mwingine ni kukata tamaa. "Shikamoo" iliyochelewa kidogo inaeleza uhusiano wa watu wawili kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Mambo haya hayafundishiki ubaoni. Hufundishika pale mtu anapoyasema taratibu mbele ya mtu anayemwogopa au kumpenda.

Faida ya tatu inahusu heshima ya lugha yenyewe. Sote tunajua kwamba hapa kwetu Kiswahili kilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa lugha ya mjini, ya biashara na ya ujanja, na kwamba kumwita mtu "umuswahili" kwa Kirundi mara nyingi hakukuwa kumsifu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimepata nafasi katika shule zetu. Hata hivyo, kuingia katika ratiba ya masomo hakufuti dharau iliyokaa miongo mingi. Ikiwa filamu tunazoonyesha kwa lugha hii ni za matusi na utapeli tu, tunaithibitisha dharau hiyo sisi wenyewe. Mwanafunzi anahitaji kumsikia mama akimficha mtoto wake hofu kwa Kiswahili, na mtu mwenye hatia akitafuta neno la kuanzia.

Filamu tunazopendekeza

Kwa anayeanza, tunapendekeza Arusi ya Mariamu (1985) ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, iliyotengenezwa Tanzania. Ni fupi, haifikii saa moja, hivyo inatosha katika kipindi kimoja. Mariamu anaumwa na hospitali haijamsaidia. Mumewe anataka kumpeleka kwa mganga wa jadi, naye anaogopa kwa sababu ya jambo la utotoni. Hofu hiyo haielezwi mara moja. Mtazamaji huipata kipande kwa kipande.

Ya pili ni Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na huyo huyo Mulvihill, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye hajatamka neno kwa miaka ishirini. Daktari wake anatoka Marekani, kwa hiyo Kiingereza kimo pia. Jina la mgonjwa peke yake linatosha kuanzisha mjadala: nani anaombwa asamehe, na amsamehe nani?

Ya tatu ni Supa Modo (2018) ya Mkenya Likarion Wainaina. Mtoto Jo, mwenye umri wa miaka tisa, ana ugonjwa usiopona na ametolewa hospitalini arudi nyumbani. Ndoto yake ni kuwa shujaa wa sinema. Dada yake na wanakijiji wanashirikiana kuitimiza, huku mama akipingana na moyo wake mwenyewe. Humo kuna Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, nalo ni jambo la kufundishia, maana wanafunzi wetu nao huchanganya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kila siku. Waulizwe: mhusika huyu amebadili lugha mahali gani, na kwa nini hapo?

Ya nne ni Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Mandhari ni Zanzibar ya miaka ya 1950, na kiini ni Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeikimbia ndoa, pamoja na Denge, kijana anayepigania uhuru. Anayesoma riwaya hiyo ana bahati ya kulinganisha. Kile ambacho mwandishi alikieleza kwa aya nzima, mwongozaji amekiacha katika mwanga, wimbo na mtazamo wa macho. Vilevile ni nafasi ya kusikia lafudhi ya Unguja, ambako ndiko chimbuko la Kiswahili Sanifu tunachokifundisha.

Ya mwisho tunaitaja kwa tahadhari. Ni Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge, ambayo licha ya jina lake ina Kiswahili kingi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, muuguzi Anne amefiwa na mume, na shamba lake limeharibiwa. Kijana Joseph alikuwa miongoni mwa kundi lililowashambulia. Filamu haiharakishi kuwakutanisha, wala haimpi Joseph hotuba ya kuomba radhi. Kwetu sisi tuliopita katika miaka ya vita iliyoanza 1993, hadithi hii iko karibu sana. Mwalimu aitazame kwanza peke yake, awaeleze wanafunzi mapema inahusu nini, na amruhusu asiyeweza kuitazama atoke bila kuulizwa sababu. Mazungumzo yawe juu ya Anne na Joseph. Asilazimishwe mtu kusimulia ya kwao.

Namna ya kuzitumia

Mwandishi wa makala hii aliwahi kufanya kosa ambalo huenda wengine wanalifanya. Alikuwa akiisimamisha filamu kila mara ili kuandika msamiati ubaoni. Mwisho wa kipindi ubao ulikuwa umejaa maneno, lakini hakuna mwanafunzi aliyeweza kueleza kwa nini mhusika alilia. Filamu ya pole ikikatwakatwa hufa, kwa sababu nguvu yake imo katika mfululizo.

Njia inayofaa ni kuigawa filamu katika sehemu mbili au tatu zinazoishia mahali pa kawaida pa kupumzikia, na kutosimamisha katikati. Kabla ya kuanza, maneno machache ya lazima yanatosha. Baada ya kila sehemu, wanafunzi waandike sentensi tatu: nini kimesemwa, nini hakikusemwa, na wanadhani nini kitafuata. Swali la pili ndilo lenye faida kubwa. Mrundi aliyelelewa vizuri anajua kwamba si kila jambo husemwa mbele ya watu, kwa hiyo ujuzi huo anao tayari. Kazi yetu ni kumsaidia auvalishe Kiswahili. Siku ya pili eneo moja la dakika mbili lirudiwe mara kadhaa, na hapo sasa ndipo msamiati na sarufi vishughulikiwe.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi watachoka. Ni kweli, dakika kumi za kwanza huwa ngumu kwa aliyezoea mwendo mwingine. Lakini kusoma riwaya nako huanza hivyo hivyo, wala hatujaacha kufundisha riwaya. Na wapo watakaosema umeme hukatika na vifaa ni haba. Kompyuta moja ndogo yenye spika na chumba chenye mapazia vinatosha kwa kuanzia, na ndiyo sababu tumeanza na filamu fupi.

Tunawaomba walimu wenzetu wajaribu filamu moja tu katika muhula ujao, waione hadi mwisho bila kuikatisha, kisha wawaulize wanafunzi kile ambacho hakikusemwa. Majibu yatakayokuja yataonyesha ni nani anayesikia maneno tu, na ni nani ameanza kuielewa lugha.